Mabingwa Watatu kwenye Mizani Moja

Ubishi wa kulinganisha mabondia wa zama tofauti hupenda kuanzia uzito wa juu, na huko ndiko unakoharibika mapema. Uzito wa juu una sakafu lakini hauna dari. Rocky Marciano alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49, na mwili wake ulikuwa wa kilo 84 au 85 hivi. Tyson Fury ana urefu wa mita 2.06 na mara nyingi amepanda ulingoni akiwa amezidi kilo 115. Kwa madaraja ya leo wawili hao huenda wasingekutana kabisa, maana Marciano angewekwa kwenye daraja la kruza, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambalo kikomo chake sasa ni pauni 200, yaani kilo 90.7. Januari 1970 Wamarekani walilipa viingilio vya sinema ili wamtazame Marciano akizichapa na Muhammad Ali. Mabondia hao walikuwa wamerekodiwa mwaka uliotangulia wakirushiana ngumi za kuigiza, miisho kadhaa ikapigwa picha, kisha kompyuta ikalishwa takwimu zao na kutamka kwamba Marciano ameshinda kwa KO raundi ya 13. Marciano mwenyewe hakuwahi kuiona filamu hiyo. Alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 1969. Kompyuta haikukosea hesabu. Ilipewa rekodi za watu wa zama tofauti, wenye miili isiyolingana, ikaambiwa itoe mshindi, nayo ikatoa.

Uganda nayo ina watu wake wa uzito wa juu, na mkwamo ni ule ule. George Oywello alitwaa dhahabu ya uzito huo kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth mwaka 1962, na Benson Masanda akaitwaa mjini Edinburgh mwaka 1970. Ni mashindano yale yale na daraja lile lile, miaka minane tu katikati. Hata hivyo, ukiuliza nani kati yao alikuwa mkali zaidi, medali hazikujibu. Kila moja inasema kwamba mwenyewe aliwashinda waliofika mwaka ule, na Wamarekani na Wasovieti hawakuwa miongoni mwao. Yuko na wa tatu, anayekumbukwa kwa mambo mengine kabisa: Idi Amin, askari wa King's African Rifles aliyeshikilia ubingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi tangu 1951 hadi 1960. Miaka tisa ya ubingwa inatisha ukiisoma kwenye karatasi. Lakini bingwa wa muda mrefu ndani ya nchi moja anaweza kuwa ushahidi wa uchache wa wapinzani kuliko wa ukali wake, na hakuna njia ya kujua uwiano wa hayo mawili kwa kuhesabu miaka.

Bahati ya Uganda iko kwingine. Mabondia wanne waliozaliwa nchini humo na wanaotajwa kila mara ngumi zinapozungumzwa walikuwa mabingwa wa dunia wa kulipwa. Mmoja wao, Cornelius Boza-Edwards, aliyemshinda Rafael Limón na kuchukua mkanda wa WBC Machi 1981, alikuwa mwepesi zaidi, wa pauni 130, na tutamwacha pembeni. Watatu waliobaki wote walitawazwa kwenye pauni 154, sawa na kilo 69.85: Ayub Kalule kwa mkanda wa WBA mwaka 1979, John Mugabi kwa ule wa WBC mwaka 1989, na Kassim Ouma kwa ule wa IBF mwaka 2004. Miaka 25 inatenganisha wa kwanza na wa mwisho, lakini mizani iligoma kwenye namba ile ile. Wanaobishana juu ya Marciano na Fury hawana neema hiyo. Kwa hiyo hapa tunaweza kuuliza swali la zama tofauti bila kusumbuliwa na ukubwa wa miili, na hoja ya sura hii ni kwamba likiulizwa hivyo lina jibu: Kalule alikuwa bora kuliko wenzake wawili.

Wengi mjini Kampala hawatalikubali, kwa sababu jina linalotangulia ni la Mugabi, na si bure. Alirudi kutoka Moscow mwaka 1980 na medali ya fedha ya Olimpiki, akaingia ngumi za kulipwa, akashinda mapambano 25 ya mwanzo yote kwa KO. Hawakuwa wa kuokotwa wote: James Green na Frank Fletcher walikuwa mabondia wanaoheshimika Marekani. Kisha ikaja Machi 10, 1986, ulingo wa nje wa Caesars Palace, Las Vegas, dhidi ya Marvin Hagler aliyekuwa na mikanda yote mitatu ya uzito wa kati. Anayetaka kujua Mugabi alikuwa nani alitazame pambano hilo. Hagler, aliyezoea kuwatembezea watu kichapo, alilazimika kupokea ngumi ambazo hakupokea kwa wengine, na raundi ya sita pekee ingetosha kuwamaliza mabondia wawili wa kawaida. Ilipofika raundi ya 11 Mugabi alikuwa amechoka hadi mifupa. Makonde ya Hagler yakamketisha chini karibu na kamba, akabaki pale mpaka refa Mills Lane akamaliza kuhesabu. Hagler alipigana mara moja tu baada ya hapo.

Sasa tazama kilichotokea. Sifa kubwa ya Mugabi imetokana na pambano aliloshindwa, tena kwenye pauni 160, si 154. Kwenye uzito wake mwenyewe alipigania ubingwa mara tatu. Desemba 1986 Duane Thomas alimsimamisha raundi ya tatu. Julai 1989, nchini Ufaransa, René Jacquot aliumia kifundo cha mguu raundi ya kwanza na mkanda ukawa wa Mugabi. Machi 1990 Terry Norris alimwangusha raundi ya kwanza na kuubeba. Watetezi wake husema kwamba usiku wa Thomas ni jicho lililomwangusha, si ngumi. Ni kweli jicho liliumia. Lakini anayelifuta pambano la Thomas kwa sababu ya jicho hana budi kulifuta na lile la Jacquot kwa sababu ya kifundo, na hapo Mugabi anabaki bila ushindi hata mmoja wa ubingwa. Mkataba wa hesabu lazima uwe mmoja kwa pande zote mbili.

Kwa Kalule ushahidi ni wa namna nyingine. Mwaka 1974 alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch kwenye uzito mwepesi, na mwaka huo huo, daraja moja juu, akatwaa dhahabu mjini Havana kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ngumi za ridhaa. Akahamia Denmark chini ya promota Mogens Palle, na Oktoba 24, 1979, mjini Akita, Japani, akamshinda Masashi Kudo kwa pointi baada ya raundi 15. Akautetea mkanda mara nne. Wakati huo mikanda ya dunia ilikuwa miwili tu kwenye uzito wao. Mwingine ulikuwa kiunoni mwa Maurice Hope wa Uingereza.

Hapa pana pingamizi zito: kwamba Kalule alinenepeshwa rekodi Ulaya, na alipokutana na wakubwa alipigwa. Ni kweli alipigwa. Alishindwa mara nne katika mapambano 50, na zote nne alisimamishwa kabla ya muda. Lakini kushindwa nako ni ushahidi, na kunasomwa kwa maswali mawili: na nani, na baada ya kazi gani. Wa kwanza alikuwa Sugar Ray Leonard, Juni 25, 1981, ndani ya Astrodome mjini Houston, miezi saba baada ya Leonard kumfanya Roberto Durán ajiuzulu ulingoni. Kalule, bondia wa mkono wa kushoto, alimsukuma nyuma Leonard raundi baada ya raundi na kumpa usiku mgumu. Raundi ya tisa ikielekea ukingoni Leonard akampata kwa mfululizo mmoja wa ngumi za haraka, Kalule akaenda chini, akainuka, refa akakatisha. Leonard akapiga sarakasi palepale ulingoni, miguu juu kichwa chini. Mtu hapigi sarakasi ya namna ile kwa kumshinda dhaifu. Baadaye wakaja Davey Moore na Mike McCallum mwaka 1982, mmoja akiwa bingwa na mwingine akiwa njiani kuwa bingwa wa mkanda huo huo, na mwisho Herol Graham mwaka 1986. Hakuna kati yao aliyemmaliza Kalule kabla ya raundi ya saba. Mugabi alimalizwa raundi ya kwanza na Norris, na tena raundi ya kwanza na Gerald McClellan mwaka 1991.

Ushindi wa Kalule ulio na uzito kuliko yote si ule wa Akita. Ni wa Desemba 1985 mjini Ancona, Italia, alipoutetea ubingwa wa Ulaya wa uzito wa kati kwa kumshinda kwa pointi Sumbu Kalambay. Kalambay alizaliwa Lubumbashi, akawa Mwitaliano, na wakati huo alikuwa anapanda huku Kalule, akikaribia miaka 32, akishuka. Mwaka 1987 Kalambay akampiga Graham, akampiga Iran Barkley na kuwa bingwa wa dunia wa WBA. Machi 1988 akampiga McCallum. Weka majina hayo kwenye mstari uone: Kalule alimshinda Kalambay, Kalambay akamshinda McCallum, na McCallum alikuwa amemshinda Kalule. Mstari umejikunja ukawa duara. Huu ndio ugonjwa wa hoja maarufu ya vijiweni, kwamba fulani alimpiga aliyempiga fulani, basi yeye ni zaidi. Ngumi hazipandi ngazi hivyo. Mitindo hukutana, umri hupita. Duara hilo halimfanyi Kalule kuwa bora kuliko McCallum. Linathibitisha jambo dogo zaidi lakini la kuaminika: kwamba alikuwa mmoja wa kundi lile, kundi lililozalisha mabingwa wa kweli, na kwamba aliweza kuwashinda waliomo hata jua lake likitua. Mugabi alilikaribia kundi la namna hiyo kwa usiku mmoja.

Na Ouma? Kwake pingamizi ni la maendeleo: mabondia wa baadaye wanalishwa vizuri, wanafundishwa kisayansi, basi wa 2004 lazima awe mbele ya wa 1979. Riadha inaipa nguvu hoja hii. John Akii-Bua alishinda mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Mwaka 2021 Karsten Warholm alikimbia 45.94. Saa haina upendeleo. Ulingoni hakuna saa ya namna hiyo, kuna mtu mwingine tu, na ubora wa mtu huyo hauongezeki kila mwaka kama mshahara wa serikali. Hata mizani yenyewe imelegea: zama za Kalule bondia alipimwa siku ile ile ya pambano, leo hupimwa siku iliyotangulia, akanywa na kula, akapanda ulingoni akiwa mzito zaidi. WBC ilikata raundi kutoka 15 hadi 12 baada ya kifo cha Mkorea Kim Duk-koo Novemba 1982, na wengine wakafuata. Ouma hakuwahi kudaiwa zile raundi tatu za mwisho.

Lakini hoja yenye meno zaidi kwa upande wa Ouma ni nyingine. Zama za Kalule Wasovieti na Wakuba hawakucheza ngumi za kulipwa. Ouma aliwakuta: Roman Karmazin wa Urusi alimvua mkanda Julai 2005, na Gennady Golovkin wa Kazakhstan alimsimamisha raundi ya 10 mwaka 2011. Bwawa lake lilikuwa na samaki wengi zaidi. Jibu liko Havana. Kalule alikwenda nyumbani kwa Wakuba mwaka 1974, Wasovieti wakiwepo, akaondoka na dhahabu. Mtihani ambao mabondia wa kulipwa wa zama zake waliukwepa, yeye alikuwa ameshaufaulu. Na mkanda wa Ouma ulifikaje kwake? Machi 2004 Winky Wright alimshinda Shane Mosley na kuunganisha mikanda mitatu. IBF ikamvua wake mezani, Verno Phillips akaupata, na Oktoba Ouma akamshinda Phillips. Alishinda kihalali, kwa kazi ya kuchosha na mikono isiyotulia. Lakini mtu aliyetawala uzito ule alikuwa Wright, na Ouma hakukutana naye. Kalule hakukutana na Hope pia, ila alipokuja mkubwa kuliko Hope, yaani Leonard, alisimama mbele yake akiwa na mkanda wake kiunoni.

Kwenye pauni 154, basi, Kalule ni wa kwanza. Ouma namweka wa pili, kwa sababu alishinda mkanda wake kwa ngumi, akautetea mara moja dhidi ya Kofi Jantuah, na mwaka 2006 akavumilia raundi zote 12 na Jermain Taylor, bingwa wa daraja lililo juu ya lake. Mugabi ni wa tatu, ingawa ndiye ningelipa kiingilio kumtazama kabla ya wengine. Asiyekubaliana aache kutaja zile KO 25, aanze na ile jioni ya Ancona, kisha atafute kwenye rekodi ya Mugabi au Ouma ushindi mmoja unaolingana nayo.