Kosa la Mtoto au Lugha ya Nyumbani? Ujifunzaji na Utofauti katika Kiswahili

Mtoto wa miaka miwili aliyezaliwa Dar es Salaam huenda akasema "tini" akikusudia "chini". Mwenzake wa umri huohuo, aliyezaliwa katika mitaa ya kale ya Mombasa, naye husema "tini". Masikioni mwa msikilizaji matamshi hayo ni mamoja. Katika uchambuzi wa isimu ni mambo mawili yaliyo mbali. Wa kwanza hajaimudu bado sauti ch, na baada ya muda ataiacha t hiyo. Wa pili amekwisha kuipata sauti ambayo bibi yake huitumia, na huenda akazeeka nayo. Hapo ndipo nyanja mbili za isimu, yaani taaluma ya ujifunzaji wa lugha na isimujamii, zinapolazimika kukutana.

Tofauti baina ya watoto hao haionekani katika neno moja. Huonekana katika mfumo mzima. Katika Kimvita, maneno mengi yenye ch katika Kiunguja huwa na t: "macho" ni "mato", "kucheka" ni "kuteka", na "nchi" ni "nti". Hata hivyo, Kimvita hakikukosa ch kabisa. Pale ambapo sauti hiyo imetokana na kiambishi ki- kilichokutana na irabu, Mmvita husema "chakula" na "changu" kama wasemavyo wengine. Zaidi ya hayo, lahaja hiyo hupambanua t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo Kiswahili Sanifu hakina. Basi mtoto asemaye "tini" na pia "takula" yumo katika hatua ya kukua, awe ni wa Mombasa au wa Dar es Salaam. Lakini asemaye "tini" na papo hapo akasema "chakula" bila shida, huyo hana upungufu wowote. Ameidhibiti kanuni ya lahaja yake barabara.

Yaliyo kweli katika fonolojia ni kweli pia katika sarufi. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu ujifunzaji wa Kiswahili, alichunguza usemi wa watoto wadogo wanne wa Nairobi. Watoto hao waliviacha mara kwa mara viambishi vya nafsi na vya njeo katika vitenzi. Mchunguzi mwenye kipimo cha Kiswahili Sanifu peke yake angeyahesabu yote hayo kuwa ni mapungufu ya utoto. Lakini watu wazima wa Nairobi nao huweza kukiacha kiambishi nafsi katika mazungumzo, pale anayezungumziwa anapofahamika. Husema, mathalani, "tapika" kwa maana ya "nitapika". Kuachwa kwa kiambishi njeo, yaani sura za aina ya "nilala" mahali pa "nimelala", hakumo katika usemi wa watu wazima hao. Kwa hiyo, jambo la kwanza lina mizizi katika lugha ambayo mtoto huisikia. La pili ndilo linalohitaji kuelezwa kwa nadharia ya makuzi ya lugha. Bila kuwasikiliza wazazi, tofauti hiyo isingalionekana.

Aghalabu hudhaniwa kwamba mtoto hujifunza kwanza lugha iliyo "safi", kisha ndipo apate tofauti za mtaa, tabaka na rika. Utafiti hauungi mkono dhana hiyo. William Labov alikwisha kuonyesha mwaka 1966, kwa data ya New York, kwamba utofauti wa usemi una utaratibu wake unaofuata tabaka na mazingira ya mazungumzo. Katika miaka ya 1990, Julie Roberts alionyesha kwamba watoto wa Philadelphia wenye miaka mitatu na minne tayari walifuata masharti yanayoongoza kudondoshwa kwa t na d mwishoni mwa maneno. Utofauti, kwa hivyo, ni sehemu ya kile kinachojifunzwa tangu mwanzo.

Kutopambanua mambo haya kuna gharama, na anayeilipa ni mtoto. Huko Ann Arbor, nchini Marekani, baadhi ya watoto Weusi wa shule moja ya msingi waliwekwa katika kundi la wenye ulemavu wa kujifunza. Wazazi walikwenda mahakamani, na wanaisimu, akiwamo Labov, walitoa ushahidi. Mwaka 1979 mahakama iliamuru kwamba walimu wasaidiwe kuitambua lugha ya nyumbani ya watoto hao na kuizingatia wanapofundisha kusoma. Hakuna aliyeambiwa aache kufundisha Kiingereza Sanifu. Kilichotakiwa ni kwamba mwalimu ajue mwanafunzi anaanzia wapi.

Funzo hilo lina uzito Afrika Mashariki. Kiswahili Sanifu, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kilijengwa juu ya Kiunguja. Hivyo mtoto wa Unguja huanza shule akiwa karibu nacho kuliko mtoto wa Mombasa, na wote wawili kuliko yule ambaye lugha yake ya kwanza si Kiswahili. Kalamu nyekundu ya mwalimu huweka alama ileile kwa wote watatu, ilhali mmoja anahitaji muda tu, mwingine anahitaji kuonyeshwa uhusiano wa lahaja yake na Usanifu, na wa tatu anahitaji kufundishwa mfumo mpya.

Hapana budi, basi, kila uchunguzi wa lugha ya mtoto uanze na maswali mawili: watu wazima wa nyumbani kwake husemaje, na je, umbo linalotiliwa shaka limeenea katika usemi wake wote au lina mipaka yake? Asiyeyajibu maswali hayo hawezi kusema kwa haki kwamba mtoto amekosea. Huenda mtoto ameshika sawasawa kile alichofunzwa na mama yake.