Utangulizi: Matundu, Milango na Ukuta wa Nani

Tumchukue mfanyabiashara wa mpunga wa Kamsamba, bonde la Rukwa. Mavuno yameshaingia ghalani, naye hawezi kukaa hapo kulinda magunia: leo yuko Tunduma anatafuta bei, kesho yuko Mlowo anasubiri fuso. Amenunua rauta ya waifai inayotumia laini ya simu, kamera mbili na kisanduku cha kurekodia picha. Fundi amefunga vyote. Akiwa uani kwake analiona ghala kwenye simu vizuri kabisa, hata panya akikatiza anamwona. Siku anapoondoka bondeni, simu ikishaachana na waifai ya nyumbani, picha inapotea. Anampigia fundi. Fundi anamjibu, "Mzee, hapo inabidi tufungue poti."

Poti inafunguliwa, fundi analipwa, picha hairudi.

Fundi hakudanganya, wala rauta si mbovu. Ndiyo maana napenda kuanza na kisa cha namna hii kila ninapomkaribisha mtu kwenye elimu ya mitandao ya kompyuta. Ndani ya maneno yale mawili, "kufungua poti", imelala sehemu kubwa ya taaluma hii: historia yake, uhaba wake wa namba, na swali ambalo vitabu vingi vya ufundi huliweka nyuma mno. Unapofungua mlango, ukuta ni wa nani?

Kwanza tusafishe maneno. Watafsiri wametupa "kipanga njia". Ni neno zuri, lakini ukiliomba dukani utaangaliwa tu, kwa hiyo mimi nitasema rauta. Kwa poti shida ni kubwa zaidi, maana mafundi wetu huita hivyo vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Kimoja ni tundu lililo nyuma ya rauta, unalochomeka waya na kusikia "tik". Kingine ni namba tupu, haishikiki wala haionekani, nayo huishi ndani ya programu. Humu cha kwanza nitakiita tundu, cha pili mlango. Anayevichanganya anaweza kuzungusha nyaya siku nzima akitafuta kosa lililoko kwenye namba.

Matundu nayapita haraka, kwa kuwa yana adabu: yakikosewa huonekana. Rauta nyingi za mezani zina tundu moja lenye rangi tofauti au maandishi WAN, nalo ni la waya unaoleta intaneti kutoka nje. Yanayobaki, mara nyingi manne, yana maandishi LAN, ni ya vifaa vya ndani: kompyuta ya steshenari, printa, kisanduku cha kamera. Kosa la kawaida la mgeni ni kuunga rauta mpya kwenye rauta ya zamani kwa tundu la LAN badala ya WAN. Hapo nyumba inakuwa na wagawaji wawili wa anwani, zile namba zinazotambulisha kila kifaa. Kila kifaa kinachukua kwa aliyejibu kwanza, na mtandao unakuja na kupotea kama homa ya vipindi. Waya wenyewe una nyuzi 8 zilizosokotwa mbilimbili, nao haupaswi kuzidi mita 100 kati ya kifaa na kifaa. Ghala likiwa mbali kuliko hapo, weka swichi ya mtandao katikati. Na rauta usiitundike chini ya bati. Kwa joto la bonde la Rukwa, itakuzimikia mchana wa Oktoba bila kusema kwa nini.

Milango ndiyo yenye utamu.

Kompyuta moja hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, na ujumbe unaofika lazima ujulikane ni wa kazi ipi. Kwa hiyo kila ujumbe hubeba, pamoja na anwani ya kompyuta, namba ya mlango. Namba hizo zinaanzia 0 na kuishia 65535, kwa sababu zimepewa nafasi ya biti 16 tu. Tovuti za kawaida hutumia mlango 80, zile zilizofungwa kwa siri hutumia 443, utafutaji wa majina ya tovuti hupita 53, na picha za kamera nyingi husubiriwa kwenye 554. Ni makubaliano tu ya watu, kama tunavyokubaliana mnada uwe siku fulani ya juma ili muuzaji na mnunuzi wakutane.

Makubaliano nayo huhitaji mwandikishaji. Mei 1972, mwanafunzi wa chuo kikuu huko California, Jon Postel, aliwaandikia wenzake akipendekeza kuwe na mtu mmoja wa kugawa namba hizi, akajitaja mwenyewe kwa alama ya kuuliza. Wakamwachia. Akabeba daftari hilo hadi alipofariki Oktoba 1998, na kwa miaka mingi mtu akitaka mlango wake rasmi alimwandikia yeye au msaidizi wake. Mwaka 1995 huko Finland, Tatu Ylönen aliandika programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali bila nywila kudukuliwa njiani, baada ya mtandao wa chuo chake kuvamiwa kwa mtindo huo. Alitaka ichukue nafasi ya programu mbili za zamani zilizokaa kwenye mlango 21 na 23. Akaona 22 uko wazi katikati yao, akauomba kwa barua pepe, akapewa. Ni mlango huohuo unaotumika leo kwenye seva za dunia nzima. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaondoa uchawi: namba hizi zilipatikana kama kiwanja cha kijiji zamani, kwa kuomba kwa adabu na kukuta hakuna aliyewahi.

Sasa turudi ghalani. Kwa nini simu iliyoko Tunduma isiende moja kwa moja kwenye kamera ya Kamsamba, mlango 554?

Sisi tuliosoma shule za bweni tunalijua jibu bila kujua. Shule nzima ilikuwa na S.L.P. moja. Barua zote zilifika sanduku hilohilo, mwalimu wa zamu akazibeba, akasoma majina paredi. Posta haikumjua mwanafunzi yeyote, ilijua sanduku. Rauta ndiye mwalimu wa zamu. Vifaa vya ndani vina anwani za nyumbani tu, nyingi zikianza na 192.168, ambazo tangu 1994 zimetengwa zitumiwe na yeyote mradi zisitoke nje. Nje huonekana anwani moja, ya rauta. Simu yako ikiomba tovuti, rauta huandika anwani yake yenyewe juu ya bahasha, huchagua namba ya mlango ambayo haina kazi, na huweka kumbukumbu: jibu likirudi kwa namba hii, ni la simu ya mama. Ujanja huu ulielezwa kwa maandishi Mei 1994, kama dawa ya muda, kwa sababu anwani za intaneti zilikuwa zinakwenda kuisha. Za mfumo wa zamani ni kama bilioni 4.3, na hifadhi kuu ya dunia ilimalizika Februari 3, 2011. Dawa ya muda ndiyo hiyo tunayoimeza hadi leo.

Angalia tabia ya mwalimu huyu: anakumbuka barua zilizotoka. Barua inayoingia bila kuulizwa, isiyo na jina katika daftari lake, anaitupa. Kufungua poti basi ni kumwandikia agizo la kudumu: kila bahasha yenye namba 554, hata kama hatukuiagiza, mpelekee kisanduku cha kamera. Agizo hilo huandikwa kwenye ukurasa wa ndani wa rauta, ambao hufunguliwa kwa kivinjari kwa anwani kama 192.168.1.1. Linataka jambo moja ambalo wengi hulisahau. Kisanduku cha kamera lazima kiwe na anwani ya ndani isiyobadilika. Vinginevyo umeme ukikatika na kurudi, rauta hugawa anwani upya, na agizo lako la kamera linaelekea kwenye printa.

Tuseme mtu wetu amefanya yote hayo, tena sawasawa. Bado picha hakuna.

Hapa ndipo ukuta unapojitokeza. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza 2009, umefika mpakani Tunduma na kuunganishwa na Zambia. Ukishuka bondeni, mtu wa kawaida hapati waya wa mkongo nyumbani kwake. Anapata mnara wa simu. Mingi ya minara ya vijijini kwetu imejengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya 2006, na bila ruzuku hiyo sehemu nyingi zingebaki kimya. Ila kampuni za simu nazo zina wateja wengi kuliko anwani. Kwa hiyo nazo hufanya yale ya mwalimu wa zamu, kwa kiwango kikubwa: hukusanya mamia ya rauta nyuma ya anwani moja. Aprili 2012 wasimamizi wa intaneti walitenga hata kundi maalumu la anwani kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127.

Yaani shule yetu haina sanduku lake posta. Inatumia sanduku la wilaya, na ufunguo uko kwa karani ambaye hajawahi kuuona mpunga wetu. Unaweza kumwagiza mwalimu wa zamu mpaka uchoke. Barua ya 554 ilishatupwa kabla haijamfikia.

Kipimo chake ni cha dakika mbili, na ningetamani kila fundi akifanye kabla ya kupokea hata shilingi. Fungua ukurasa wa hali ya rauta, soma anwani iliyoandikwa upande wa WAN. Kisha, kwa kifaa kilichounganishwa na rauta hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya nje. Zikifanana, ukuta ni wako, na milango yako inafunguka. Zikitofautiana, au ile ya kwanza ikiwa na 10 kabla ya nukta ya kwanza, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ukuta ni wa mwingine. Hapo kumlipa mtu afungue poti ni kununua mlango na kuuegemeza kwenye nyumba ya jirani.

Si mwisho wa safari. Kamera nyingi za siku hizi huja na msimbo wa kuskani. Ukiskani, kamera yenyewe hutoka nje kwenda kwenye seva ya mtengenezaji na kushikilia laini, na simu yako hukutana nayo huko. Kutoka hakuzuiwi. Ni njia rahisi, nami naipendekeza kwa wengi, mradi ujue kwamba picha za ghala lako zinapita kwa watu wengine, na kwamba bando linaliwa: kamera inayotuma megabiti 1 kwa sekunde inamaliza megabaiti 450 kwa saa. Usiiache ikionyesha usiku kucha. Mwenye biashara kubwa anaweza kuomba kwa mtoa huduma anwani ya umma isiyobadilika na kulipia. Mwenye ujuzi anaweza kukodi seva ndogo na kujenga njia ya siri kati yake na ghala. Mfumo mpya wa anwani, ulioandikwa tangu 1995, una namba za kutosha kila kamera iwe na sanduku lake, ila rauta na mtoa huduma lazima wote wawili wawe wameuwasha.

Na pale ukuta unapokuwa wako kweli, kumbuka kwamba mlango hauchagui mgeni. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikibisha hodi mlango 23 wa kamera na rauta, na kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zisizozidi 70. Zilitosha. Oktoba 21 mwaka huo, jeshi la vifaa hivyo liliangusha huduma ya majina ya tovuti na kufanya Twitter na Netflix zisifikike kwa saa kadhaa sehemu kubwa ya Marekani. Wenye kamera hawakujua kitu. Liberia nayo iliguswa, kampuni moja ya simu ikashambuliwa, na Januari 2019 mahakama ya Uingereza ikamfunga mhusika miaka miwili na miezi minane. Kwa hiyo nywila ya kiwandani ibadilishwe kabla ya mlango wowote kufunguliwa, na ule utaratibu wa rauta kuruhusu vifaa vijifungulie milango vyenyewe, unaoandikwa UPnP, uzimwe. Mimi huuzima kila nyumba ninayoingia, hata kama vijana wa michezo ya kompyuta watanuna.

Kurasa zinazofuata zitakwenda taratibu kuliko hizi. Kabla ya sura ya kwanza, naomba ufanye jambo moja. Igeuze rauta yako, soma lebo ya chini, nakili kwenye daftari anwani ya ukurasa wake, jina la kuingilia na nywila iliyoandikwa pale. Halafu ingia, uibadilishe nywila hiyo, na usome anwani ya upande wa WAN. Iandike karibu na hizo nyingine, kwa kalamu, maana tutaihitaji.