Tone la Chini Linatoka Juu

Gari lenye umri wa miaka 25 likianza kuvuja, mwenyewe huinama, akachungulia chini ya injini, akaona tone limening'inia kwenye sampu, akaamua hapo hapo kwamba gasketi ya sampu imekwisha. Mara nyingi anakuwa amekosea. Oili haidondoki pale ilipotokea. Hupenya taratibu kwenye maungio ya juu, ikatambaa juu ya chuma cha moto ikiwa utando mwembamba, uzito wake ukiivuta chini na upepo wa feni na wa mwendo ukiisukuma nyuma. Njiani hunasa vumbi, na mwisho wa safari hukusanyika kwenye kona iliyo chini kuliko zote. Kona hiyo karibu siku zote ni sampu, au pale injini inapokutana na gia boksi.

Chukua Toyota Corolla 110, ile ya miaka ya 1995 hadi 2000, yenye injini ya 5A-FE. Distributa yake imekaa mwishoni mwa silinda hedi, juu ya gia boksi, na inazibwa na oringi moja tu ya mpira. Oringi hiyo ikikauka, oili huteremka upande wa gia boksi na kudondokea palepale ambapo ingedondokea kama sili ya nyuma ya krenki ndiyo iliyokufa. Sasa angalia tofauti ya kazi. Sili ya nyuma haifikiki bila kushusha gia boksi, na hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Oringi ya distributa ni kuweka alama ili taimingi isipotee, kulegeza boliti, kuchomoa, kuvisha mpya na kurudisha. Kujua ipi ndiyo mgonjwa hakuhitaji kompyuta: pitisha kidole chini ya distributa. Kikirudi kikavu, endelea kushuka. Kikirudi na oili, gia boksi isiguswe kwanza.

Kabla ya kutafuta tundu, lakini, ni lazima ujue kinachovuja ni kitu gani. Kidimbwi cha maji safi chini ya upande wa abiria, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, ni unyevu wa hewa uliogandamana kwenye AC. Hakina rangi wala harufu, na kinaonyesha kuwa AC ni nzima. Mkanganyiko halisi uko kwenye wekundu. Oili ya gia boksi ya otomatiki ni nyekundu, ya pawa stelingi kwenye Toyota nyingi ni hiyohiyo, na kulanti ya Toyota nayo ni nyekundu au ya waridi. Dondoshea tone kwenye glasi ya maji. Kulanti, ambayo ni maji yaliyochanganywa na ethilini glaikoli, itayeyuka na kupotea, kwa kuwa molekuli za glaikoli hushikana kwa urahisi na za maji. Oili itaelea na kutanda rangi za upinde wa mvua. Kuonja kusiwe sehemu ya uchunguzi: glaikoli ina utamu, na ni sumu inayoharibu figo za mtu na za mbwa anayelamba kidimbwi uani.

Hatua ambayo gereji nyingi huiruka, kwa sababu mteja hataki kuilipia, ni kuosha injini. Kwenye injini iliyogandwa na tope la oili la miaka mitano hakuna fundi anayeweza kusema jipya ni lipi na la zamani ni lipi. Osha, kausha, kisha pakaza poda ya mtoto kwenye maungio unayoyashuku: ukingo wa tapeti kava, chini ya distributa, nyuma ya puli ya krenki. Endesha mpaka injini ishike joto. Joto lenyewe ni sehemu ya kipimo, maana oili ya 20W-50 ikiwa na nyuzi 100 ni nyepesi karibu mara 9 kuliko ikiwa na nyuzi 40, na ufa uliokuwa kimya asubuhi sasa unasema. Kwenye poda nyeupe utaona mstari wa kahawia, na ncha yake ya juu ndiyo chanzo. Kwa uvujaji mkaidi ipo rangi maalumu ya kutia ndani ya oili, ambayo hung'aa ikimulikwa na kurunzi ya miale ya urujuanimno, jamii ya zile taa za madukani za kukagulia noti bandia.

Umelipata tundu. Bado usinunue sili. Uliza kwanza kwa nini imevuja.

Jibu la kawaida ni umri. Sili na gasketi nyingi za magari hayo ni za mpira wa naitraili. Joto na oksijeni huzidi kuunganisha minyororo ya molekuli zake, huku vilainishi vilivyoufanya unyumbuke vikichujika na kupotea, mpaka gasketi ya tapeti kava inakuwa ngumu, na ukiikunja inakatika vipande. Jibu la pili husahaulika sana, nalo ni presha. Kila injini huvujisha gesi kidogo za mwako kupita kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye sampu. Gesi hizo huondolewa na valvu ndogo, iitwayo PCV, inayozirudisha kwenye njia ya hewa zikaungue. Valvu ikizibwa na masizi na utelezi wa oili chafu, gesi hukosa pa kutokea, presha inapanda, na oili inasukumwa kwenye kila sili iliyochoka. Hapo unaweza kubadilisha sili ya mbele leo, ikavuja ya nyuma mwezi ujao, na fundi akalaumu spea feki.

Kupima ni bure. Injini ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha kutilia oili na uweke karatasi juu ya mdomo wake. Mfumo mzima huivuta karatasi kidogo. Ikirushwa juu kwa mapigo, ama valvu imeziba ama ringi zimekwisha. Chomoa valvu uitikise; ikiwa nzima utasikia kiungo cha ndani kikigonga. Kama valvu ni safi na karatasi bado inaruka, na moshi wa buluu unatoka kwenye ekzosi unapokanyaga mafuta, basi mazungumzo yamehama kutoka kwenye uvujaji na kuingia kwenye uchakavu wa injini yenyewe.

Upande wa maji presha ni sehemu ya muundo. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94, na injini yenye afya hufanya kazi karibu na hapo. Kinachoyazuia kuchemka ni kofia ya rejeta. Kofia iliyoandikwa 0.9 huruhusu presha ijengeke kiasi kwamba maji matupu, hata ukiwa pwani, huhitaji nyuzi 118 hivi ili yachemke. Springi ya kofia ikilegea au mpira wake ukipasuka, gari litazunguka Kariakoo bila shida na litachemsha kwenye mlima wa Kitonga. Fundi atang'oa themostati, dawa ambayo nchini kwetu imepewa sifa isiyostahili, na tatizo litabaki palepale.

Kulanti inayovuja kwenye chuma cha moto hukauka kabla ya kufika chini, kwa hiyo tafuta magamba badala ya matone: ukoko wa waridi au mweupe kwenye vibano vya hosi, kwenye mishono ya rejeta, na chini ya pampu ya maji. Pampu ina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na wahandisi. Sili ya shafti ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Ukiona mchirizi chini ya kitundu hicho, kukiziba kwa gundi ni kuziba mdomo wa anayekuonya. Kapeti ikilowa miguuni na kioo kikipata ukungu wenye harufu tamu, kinachovuja ni kirejeta cha hita, hata kama ni hita ambayo mtu wa Tanga hajawahi kuiwasha.

Tone moja kwa dakika ni kama nusu lita ya maji kwa wiki. Ili kulikamata, gari likiwa limepoa, fundi hufunga pampu ya mkono yenye geji mahali pa kofia, akajaza presha mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kofia, akasubiri robo saa. Maji baridi hayageuki mvuke, kwa hiyo yanapotokea utayaona.

Geji ikishuka na hakuna tone popote, fikiria gasketi ya hedi. Hedi ya 5A-FE ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kipande cha sentimita 45 kikipanda nyuzi 80, tofauti hufika milimita 0.4, na gasketi huvumilia msuguano huo kila siku. Injini ikichemsha mara moja tu, hedi inaweza kupinda. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa kwenye dipstiki ni dalili kubwa. Ikiwa iko chini ya kifuniko pekee, huenda ni mvuke wa safari fupi fupi. Kipimo cha uhakika zaidi ni kimiminiko cha buluu: hewa ya mdomo wa rejeta huvutwa kukipitia, na kama ina kaboni dayoksaidi ya mwako, asidi inayotokea hukigeuza kuwa cha manjano.

Kikigeuka, hedi itafunguliwa, na kabla ya gasketi mpya ni lazima uso wake upimwe kwa rula iliyonyooka na filagaji. Kiwango cha mwisho cha mkunjo ni milimita 0.05 hivi, kiasi kisichozidi unene wa unywele. Fundi anayesema atapima kwa macho ashukuriwe kwa upole, na gari livutwe kwenda kwingine.