Somo la Kusikiliza: Saksafoni ya Tena katika Wimbo wa Taratibu

Utangulizi

Muziki katika shule zetu za msingi hufundishwa aghalabu kwa kuimba na kucheza. Mambo hayo mawili ni mema, wala hapana mwalimu anayepaswa kuyaacha. Lakini liko jambo la tatu ambalo husahauliwa mara nyingi, nalo ni kusikiliza. Mtoto anayeimba tu huijua sauti yake mwenyewe. Mtoto aliyefundishwa kusikiliza huijua pia sauti ya mwenzake.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kuandaa somo moja la kusikiliza, kwa kutumia rekodi moja mashuhuri: wimbo uitwao "Body and Soul", kama ulivyopigwa na Coleman Hawkins kwa saksafoni ya tena mjini New York tarehe 11 Oktoba 1939. Rekodi hiyo imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ni fupi: haizidi sana dakika 3, kwa kuwa upande mmoja wa sahani za santuri za siku zile haukuweza kubeba zaidi. Pili, huenda taratibu. Tatu, haina maneno.

Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Sisi tumelelewa katika muziki wa maneno. Tukisikia wimbo mpya, swali letu la kwanza ni "Anasemaje?" Katika taarabu, katika ngoma na katika muziki wa dansi, msikilizaji huyafuata mashairi, na ala huwa kama mkeka uliotandikwa chini yake. Wimbo usio na maneno humnyang'anya msikilizaji fimbo aliyozoea kuegemea. Hapo ndipo masikio hulazimika kufanya kazi.

Jina la jazi kwetu na kwao

Mwanachuo aanze kwa kuondoa utata wa jina. Katika Dar es Salaam neno "jazz" ni la siku nyingi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964. Na Vijana Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1971 chini ya Umoja wa Vijana wa TANU, ilifahamika sana kwa wakazi wa Kinondoni. Katika majina hayo, "jazz" ilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na vyombo vya kupuliza. Mapigo yake yalifuata zaidi rumba ya Kuba na ya Kongo kuliko muziki wa Wamarekani Weusi uliozaa neno lenyewe.

Hata hivyo undugu upo. Saksafoni, ambayo wapenzi wa dansi huiita "mdomo wa bata" kwa umbo lake, ilikuwa na kazi maalumu katika bendi zetu na za majirani. Verckys Kiamuangana Mateta aliyeingia OK Jazz ya Kinshasa mwaka 1963, na Jean Serge Essous wa Brazzaville, waliifanya iwe kama mwimbaji wa pili anayemjibu wa kwanza. Katika wimbo wa Hawkins mwimbaji wa kwanza hayupo. Saksafoni huuliza na kujijibu yenyewe.

Chombo chenyewe

Saksafoni ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Sax, aliyepata hataza yake mjini Paris mwaka 1846. Ijapokuwa imetengenezwa kwa shaba nyeupe au ya manjano, huhesabiwa katika jamii moja na vyombo vya mti, kwa sababu sauti yake hutokana na ulimi mwembamba wa tete unaotetemeka mdomoni mwa mpigaji. Tarumbeta haina ulimi. Hapo hutetemeka midomo ya mpigaji. Watoto wa pwani wataelewa kwa urahisi wakikumbushwa zumari, ambayo nayo huliwa na pumzi kupitia ulimi. Saksafoni ya tena ni kubwa kuliko ile ya alto, na sauti yake hukaribia ya mwanamume mzima anapozungumza. Ndiyo maana wasikilizaji wengi husema kwamba chombo hiki "kinasema".

Coleman Hawkins alizaliwa St. Joseph, Missouri, mwaka 1904, akafariki mwaka 1969. Kabla yake saksafoni ya tena ilitumiwa zaidi kwa vichekesho na kelele za kuchangamsha watu. Yeye ni miongoni mwa waliokifanya kiwe chombo cha kuheshimiwa. Alikaa Ulaya tangu 1934 hadi 1939, na miezi michache baada ya kurejea Marekani ndipo alipoipiga rekodi hii. Watu waliinunua kwa wingi, na mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa daima.

Umbo la wimbo

Wimbo wenyewe ulitungwa na Johnny Green mwaka 1930. Umbo lake laweza kufafanuliwa kwa kulinganishwa na ubeti wa shairi. Ubeti wa kawaida una mishororo 4. Wimbo huu nao una sehemu 4, na kila sehemu ina vipimo 8 vya mapigo manne manne. Jumla ni vipimo 32. Sehemu ya kwanza na ya pili zina mahadhi yale yale. Ya tatu hubadilika na kuhamia nusu hatua juu, kana kwamba taa imewashwa chumbani. Ya nne hurudi nyumbani. Katika shairi mabadiliko huja mara nyingi katika mshororo wa mwisho. Hapa huja katika wa tatu, na wa mwisho hufunga safari.

Piano hufungua kwa vipimo vichache, kisha Hawkins huingia. Hupiga ubeti mara mbili tu, yaani vipimo 64, na rekodi imekwisha. Katika vipimo vya mwanzo hukaa karibu na mahadhi ya mtunzi. Baada ya hapo huyaacha, asiyarudie tena waziwazi hadi mwisho. Kila kinachofuata amekibuni papo hapo.

Je, amepotea njia? La. Msingi wa wimbo ni mfululizo wa mapatano ya sauti, yale ambayo wapiga gitaa wetu huyaita kodi. Mfululizo huo haukubadilika. Piano na besi huendelea kuupiga chini yake. Hawkins huzipanda na kuzishuka sauti za kila kodi kama mtu apandaye ngazi, akiunganisha ngazi moja na nyingine. Malenga katika majibizano hufanya vivyo hivyo: maneno ni yake na ni mapya, lakini mizani na vina havivunji. Uhuru wake umo ndani ya mipaka, na bila mipaka hiyo msikilizaji asingeweza kujua kwamba yuko huru.

Mambo matatu ya kusikilizwa

Pumzi. Mpigaji wa gitaa aweza kuendelea bila kupumua, mpulizaji hawezi. Kila sentensi ya Hawkins ina urefu wa pumzi ya binadamu. Watoto wasikilize anapokata na anapoanza tena.

Sauti. Ni nzito na pana, na mwishoni mwa sauti ndefu huwa na mtetemo. Wapulizaji wengine wa wakati wake, mathalani Lester Young, walikuwa na sauti nyepesi zaidi kwa chombo kile kile. Kama ilivyo kwa watu wawili wasomao barua moja, chombo ni kimoja lakini msomaji hutambulika.

Safari. Mzunguko wa kwanza ni mtulivu. Katika wa pili wapulizaji wenzake huingia nyuma kwa sauti ndefu za chini, naye huongeza nguvu kidogo kidogo, hadi karibu na mwisho anapofikia sauti za juu kabisa. Kisha hushuka, vyombo vingine hunyamaza, naye humalizia karibu peke yake. Kilele hicho hakikuja kwa kupiga haraka zaidi. Mwendo ni ule ule tangu mwanzo, kiasi cha mapigo 3 kwa kila sekunde 2.

Andalio la somo

Somo hili lafaa Darasa la V hadi la VII, kwa kipindi kimoja cha dakika 40. Zana ni simu au redio yenye kipaza sauti kidogo. Katika darasa la watoto 80 au zaidi, ambalo si jambo geni katika Kinondoni na Temeke, mwalimu akiweke kipaza sauti katikati ya chumba, si mbele, na watoto wakizunguke.

Hatua ya 1 (dakika 6): Watoto wakae kimya kwa dakika moja, kisha wataje sauti walizosikia: pikipiki, muuza maji, cherehani. Hapo watakuwa wamekwisha anza kusikiliza.

Hatua ya 2 (dakika 6): Wapige makofi ya singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa kama Tandale na Manzese, ambao mapigo yake huzidi 200 kwa dakika. Kisha wapige makofi kwa mwendo wa rekodi. Watagundua kwamba kwenda polepole pamoja ni kugumu kuliko kwenda mbio.

Hatua ya 3 (dakika 5): Usikilizaji wa kwanza. Kila mtoto ainue mkono saksafoni inapoingia, kisha asikilize tu.

Hatua ya 4 (dakika 7): Usikilizaji wa pili. Mwalimu ahesabu vipimo kwa vidole, bila kutamka. Watoto wainue mkono wanapohisi wimbo "umehama", yaani katika sehemu ya tatu.

Hatua ya 5 (dakika 8): Usikilizaji wa tatu. Kila mtoto achore mstari mmoja daftarini, ukipanda na kushuka pamoja na saksafoni.

Hatua ya 6 (dakika 8): Wawili wawili walinganishe michoro na kueleza tofauti zao.

Tahadhari

Nimewaona wanachuo katika mazoezi ya kufundisha wakianza somo la namna hii kwa kutangaza: "Huu ni wimbo wa huzuni." Tangu hapo darasa zima husikia huzuni, na somo limekufa. Mwalimu asimwambie mtoto la kuhisi. Amwulize amesikia nini, na wapi. Mtoto akisema "Anagombana na mtu", aulizwe: "Ni sauti gani iliyokufanya useme hivyo?" Jibu likipatikana katika sauti, ni jibu sahihi, hata kama mwalimu mwenyewe hakuliwaza.

Vivyo hivyo katika tathmini. Maswali ya jina la mpigaji na mwaka wa rekodi ni mepesi kusahihisha, na kwa sababu hiyo hutushawishi. Lakini mtoto aweza kukariri yote mawili bila kusikia sauti hata moja. Swali lililo bora ni hili: "Onyesha katika mchoro wako mahali alipokwenda mbali, na mahali aliporudi."

Baadhi ya wazazi huenda wakauliza kwa nini muziki wa kumbi za starehe uingie darasani. Waelezwe kwa adabu kwamba mtoto wa Kinondoni husikia muziki huo kila usiku kupitia dirishani, apende asipende. Shule haimletei, humpa uwezo wa kuupima.

Hitimisho

Darasa lenye watoto wengi huendeshwa mara nyingi kwa kelele: mwalimu hupaza sauti, watoto huitikia. Somo la kusikiliza huthibitisha kwamba watoto 80 waweza kunyamaza kwa dakika 3 bila fimbo, kwa sababu wanangoja kitu. Mwanachuo atakayefaulu kuupata ukimya huo mara moja katika muziki ataweza kuutumia hata katika kusoma hadithi na katika hesabu. Ajiandae kwa kuisikiliza rekodi mwenyewe mara 10 kabla ya kuingia darasani, akiwa na kalamu mkononi, na mchoro wake auweke kando. Auonyeshe baada ya watoto kuonyesha yao.