Mkono wenye kutwaa damu

Mtu akirudi nyumbani toka hospitali, ndugu humwuliza habari za mganga, za dawa na za malipo. Ni nani aulizaye habari za yule aliyemtwalia damu? Huyo hukaa katika chumba kidogo, humwona mgonjwa kwa dakika chache, kisha humwita mwingine. Lakini kazi yake ikifanywa vibaya yaweza kuua, wala si mtu mmoja tu. Sisi wa Kongo twalijua neno hilo kuliko wengi.

Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini ya nchi, ulizuka ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola, kwa jina la mto wa upande ule. Katika hospitali ya misioni wauguzi walipewa sindano tano tu kila asubuhi. Sindano ikiisha kumchoma mgonjwa mmoja, ilisuuzwa katika maji ya uvuguvugu, ikamchoma wa pili. Pengine ilichemshwa jioni. Asiwepo wa kuwacheka wale: vyombo vilikuwa haba, watu walikuwa wengi, na mazoea yalikuwa yamekwisha ota mizizi. Waliougua ni 318, waliokufa 280. Katika watumishi 17 wa hospitali walikufa 11, hata milango ikafungwa tarehe 30 Septemba. Na wale walioambukizwa kwa sindano peke yake, hakupona hata mmoja.

Daktari Jean-Jacques Muyembe, aliyetumwa huko toka Kinshasa, aliwatwalia wagonjwa damu bila glavu. Aliona ajabu: sindano ikichomolewa, damu haikukoma, ikamtapakaa mikononi. Alinawa kwa maji na sabuni, akasalimika. Si wote waliopata bahati hiyo. Kikwit, mwaka 1995, karibu robo ya wagonjwa 315 walikuwa watumishi wa afya.

Basi, mtwaa damu wa leo afanyeje? Anawe mikono, avae glavu mpya kwa kila mgonjwa, afungue sindano mpya mbele ya macho yake. Ngozi ikipanguswa kwa alkoholi aiache ikauke, wala asiiguse tena kwa kidole kutafuta mshipa. Kwa kidole hicho uchafu hurudi palepale. Mpira wa kufungia mkono aulegeze kabla ya kuchomoa sindano. Na kifuniko cha sindano iliyotumika asikirudishe kamwe, kwa maana hapo ndipo wengi hujichoma. Sindano itumbukie mara moja katika sanduku gumu, na sanduku lifungwe likifika robo tatu, lisingoje kufurika.

Hayo ni ya mikono. Ya ulimi nayo yana uzito, ingawa wengi huyapuuza. Mtumishi mwenye haraka huuliza: “Ni wewe Mama Furaha?” Mgonjwa mwenye homa, au mzee asiyesikia vema, ataitika tu, “Ndiyo, baba.” Kumbe Mama Furaha wako watatu kwenye benchi! Yafaa aulize: “Jina lako kamili ni nani, mama?” aache mwenyewe ajibu. Tena jina aliandike kichupani palepale, mgonjwa angali ameketi, kwani vichupa vitano visivyo na majina mezani hufanana vyote. Damu ya mmoja ikiitwa ya mwingine, mtu aweza kutiwa damu isiyopatana na yake, akafa mikononi mwa waliotaka kumponya. Na aliyoyasoma katika karatasi za laboratwari asiyapeleke sokoni, hata kama mgonjwa ni shemeji yake.

Limebaki jambo ambalo wengi huficha. Mtumishi akijichoma, huona haya, huogopa kukaripiwa na mkubwa wake, hunyamaza. Mkubwa amkaripiaye huwafundisha wengine kunyamaza. Virusi vya homa ya ini ya namna ya B huambukiza kwa sindano kwa wepesi kuliko vya ukimwi. Ndiyo sababu chanjo yake, ya mara tatu, ipasa kutangulia kazi. Aliyejichoma asikamue kidonda wala asikinyonye. Akioshe kwa maji na sabuni, aseme siku ileile. Dawa za kuzuia ukimwi hazingoji: heri zianzwe saa zilezile za kwanza, zisipite saa 72, nazo humezwa siku 28.