Kurudia Darasa Hakumfundishi Mtoto Kusoma

"Mwalimu, kusoma bado hajui. Si heri arudie darasa?" Kila Januari wazazi wa Shanzu, hapa pwani ya Kenya, huniuliza hivyo, langoni, ofisini na mikutanoni. La, si heri, na ningependa ombi hili lifike mwisho.

Kwanza, shule haina ruhusa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kurudishwa au kuzuiliwa darasani. Idhini ya mzazi haibadilishi sheria hiyo. Shule inayowarudisha wanyonge ili wastani wa alama upande inalinda jina lake, haimlindi mtoto.

Pili, imani yenyewe haina msingi. Mtoto aliyefika gredi ya nne bila kujua kusoma hakupungukiwa na muda. Huenda hasikii vizuri, au haoni ubaoni. Huenda silabi zilipitwa mbio kabla hajazishika. Huenda msimu wa hoteli ulikwisha, mzazi akahama Shanzu kwenda Mtwapa, kisha Bamburi, na mtoto akabadilisha shule mara mbili. Akirudia darasa, atakuta kitabu kile kile, kasi ile ile na ubao ule ule asiouona. Dawa isiyotibu haitaanza kutibu kwa kuongezwa dozi. Mtafiti John Hattie, aliyekusanya matokeo ya tafiti nyingi mno katika kitabu chake cha 2009, aliweka kurudia darasa miongoni mwa mambo machache yanayomrudisha mtoto nyuma kimasomo.

Nitaambiwa, "Wa jirani alirudia, akashika namba tatu." Alishika namba tatu katika mitihani aliyokwisha kuisoma, akishindana na watoto aliowazidi umri. Masomo mapya yakianza, pengo lake hurudi wazi.

Tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, tunazungumza alama huku tukisahau usalama. Mtoto wa miaka kumi na miwili akikalishwa na wa miaka minane, wadogo humwogopa au humcheka, naye hujibu kwa ngumi au kwa utoro. Mtoro wa hapa Kisauni haendi mahali salama. Vikundi vya vijana wa mapanga tunavijua, na ufuo wetu tunaujua. Mwaka 2006, utafiti wa UNICEF na serikali ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa kingono katika pwani ya Kenya. Kila aibu inayomfukuza mtoto shuleni inamsogeza karibu na hatari hizo.

Kinachosaidia ni kubadilisha mafundisho, mtoto abaki na rika lake. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 za msingi magharibi mwa Kenya zilizopata mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika takriban nusu ya shule hizo, mikondo miwili iligawanywa kwa kiwango cha mtoto. Katika nyingine, kwa bahati nasibu tu. Baada ya miezi 18, waliogawanywa kwa kiwango walikuwa mbele, hata wale walioanza chini. Mgawanyo huo haukuhitaji mtoto kurudishwa darasa. Mwalimu ndiye aliyeweza kuwafuata pale walipo.

Basi fanya haya. Mpe mwanao hadithi fupi ya gredi ya pili aisome kwa sauti, ujue anakwama wapi. Mpeleke apimwe macho na masikio. Akiwa na tatizo, akae mbele, na uulize kituo cha tathmini ya elimu kilicho karibu. Iombe shule iwapange watoto kwa kiwango kwa saa moja ya kusoma kila siku, kisha warudi madarasani mwao. Akihamia shule nyingine, chukua rekodi zake za tathmini. Akionewa, omba abadilishiwe mkondo ndani ya gredi ile ile, pamoja na rafiki mmoja, usikubali ashushwe. Ukishuku kwamba ananyanyaswa kingono, ripoti siku hiyo hiyo: mwalimu aliyesajiliwa anapaswa kuripoti ndani ya saa 24, na simu ya msaada kwa watoto, 116, ni bure usiku na mchana.

Januari ijayo, niulize mwanao amekwama wapi. Hapo tutakuwa na kazi ya kufanya pamoja.