Fahamu: Kwa nini pigo "salama" huadhibiwa kwenye Tekken

Mchezaji wa Tekken, mchezo wa video wa mapigano, awe Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba nchini Kongo, au Nairobi kwa Sylvia Gathoni, Mkenya aliyesajiliwa na UYU, timu ya michezo ya video, mwaka 2018, hukabiliwa na swali lilelile: pigo hili likikingwa, nitaadhibiwa? Wengi hujibu kwa jedwali la fremu za kila pigo. Mchezo huenda kwa fremu 60 kwa sekunde, na ngumi ya haraka ya kawaida hufika kwa fremu 10. Basi pigo linalomwacha mpigaji nyuma kwa fremu 9 baada ya kukingwa huitwa salama. Kuanzia 10, hatari.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila ni nusu ya hukumu. Pigo linalokingwa humsukuma mkingaji nyuma, na ngumi ya fremu 10 ni fupi. Hivyo hata pigo la hasara ya fremu 12, likirushwa kutoka mwisho wa ufiko wake, laweza kumwacha mpinzani akipiga hewa. Na pigo "salama" lisilomfikia mtu humwacha mpigaji wazi kabisa. Hasara iliyoandikwa kwenye jedwali ni ya pigo lililokingwa, si lililokosa. Wapo wanaosema umbali ni hisia tu, haufundishiki. Sikubaliani nao hata kidogo. Katika hali ya mazoezi unaweza kurekodi pigo la mpinzani, ukalikinga, ukajibu, kisha ukarudi nyuma hatua moja na kujaribu tena hadi jibu lako lishindwe kufika. Anza na pigo linalokuumiza zaidi.